Kukwangua rangi nayo ni kazi



Ile picha ya mlango wa garaji tuliyoweka mwezi uliopita imetuletea maswali mengi. Wengine mmesifu buluu yake. Wengine mmeuliza bei. Mmoja ameandika kutoka kambi ya Bwagiriza, anataka kujua kama kikundi chao nao wanaweza kuanza kupaka milango, maana brashi wanazo tayari. Basi tumekaa Jumapili, tukakubaliana tuandike jibu moja la wote. Kupaka ule mlango kulichukua siku moja. Kutoa rangi ya zamani kulichukua karibu siku tatu, na huko ndiko kulikuwa na hatari, ndiko kulikuwa na mabishano ya bei, na ndiko tulikaribia kuipoteza garaji yenyewe. Kwenye picha hiyo hakuna kinachoonekana.

Kwa wasiotujua: sisi ni saba, wavulana watano na wasichana wawili. Tumetoka Uvira, Fizi, Bukavu na kule juu Itombwe. Baadhi yetu tuliingia Burundi tumebebwa mgongoni. Wengine tumevuka mwaka 2025, baada ya Bukavu kuchukuliwa. Tunakaa Buyenzi, Bwiza na Kinama ya hapa mjini. Mkimbizi wa mjini anajua mambo yake: mgao wa chakula uko kambini, mjini unajitafutia. Ndiyo maana asubuhi utatukuta tunatafuta uyede.

Yede ni yule anayemsaidia fundi. Anabeba maji, anachanganya simenti, anashika ngazi. Kwenye kazi ya rangi, fundi anapaka na yede anakwangua. Fundi anafika saa nne na brashi yake safi, yede ameshakula vumbi tangu saa moja. Jioni fundi anaondoka na bei ya mlango, yede anapewa ya chakula. Hatumlaumu fundi, naye anabanwa na mwenye kazi. Tunasema tu jinsi mambo yalivyo, ili mjue kwa nini kukwangua tunakujua kuliko kupaka.

Kuna kazi moja tuliyoifanya kabla ya hii, hatutataja ya nani. Ilikuwa hangari yenye milango mikubwa ya chuma, rangi yake ya manjano na nyekundu imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Kapita alituletea mashine mbili za kusaga chuma, akasema anataka kuona chuma cheupe kabla ya saa kumi. Tuliomba barakoa. Akasema barakoa ni za hospitali, jifungeni shati. Kulikuwa na ukuta pande tatu, vumbi halina pa kutokea. Pale mashine isipofika, alitaka tuchome rangi kwa moto wa gesi halafu tuivute na spatula. Mdogo wetu mmoja, ana miaka 19, jioni ile alitapika njiani, kichwa kinamuuma mpaka hawezi kuona taa. Alilala siku mbili. Tulipoenda kudai, tukapewa nusu, ati siku mbili hakuonekana kazini. Mpaka leo hakuna aliyempima damu.

Sasa ndipo inakuja kazi ya Buyenzi.

Kikundi chetu kilikuwa na cherehani mbili, boksi la vifaa vya kutengeneza simu, na hatuna pa kuviweka. Kila kitu kilikuwa kinalala chini ya kitanda cha mtu. Tukasikia kuna mama mwenye nyumba, kwenye moja ya zile barabara za namba za Buyenzi, ana garaji tupu inayotazama barabarani. Tukaenda. Akatuangalia, akasema, "Wanangu, kodi ya mwanzo mna?" Tukasema hatuna, ila kazi tunaijua. Akatuonyesha mlango. Akasema: mlango huu ukitengenezwa, ukapakwa, ukafunguka na kufungwa bila kupiga kelele mtaa mzima, miezi miwili ya kodi nimewasamehe. Lakini kuna mtu wa vipuri vya pikipiki naye anaitaka. Akasema, "Mpaka Jumamosi jioni. Ikipita hapo, nampa yeye."

Ilikuwa Jumatatu.

Mlango wenyewe mnaujua, iko mingi Bujumbura: ule wa vipande vyembamba vya bati vilivyoshikana kama mkeka, unapanda juu na kujiviringisha kwenye bomba. Wa mama una vipande 34. Upana mita 3, urefu mita 2 na nusu na kidogo. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, juu ya rangi. Sehemu nyingine inaning'inia kama ganda la ndizi, sehemu nyingine imeshika kama mawe. Na kwenye maungio ya vipande rangi ilikuwa imeganda kama gundi, ndiyo maana mlango ulikuwa mzito. Ukiuvuta unakwama, unalia, unateremka upande mmoja.

Mama alitaka Jumanne tusage, Jumatano tupake. Kijana wake mkubwa alikuwa ameshaulizia mashine ya kukodi. Siku mbili, imekwisha. Tukatazama uani. Kuna watoto sita wanacheza pale, mmoja anatambaa. Kuna sufuria za maharagwe ziko motoni, kuna nguo zimeanikwa. Tukatazamana. Tukamwambia, "Mama, kwa heshima, hatusagi hapa kwa mashine. Tutakwangua kwa maji, kwa mkono. Tupe siku nne za kukwangua na moja ya kupaka." Akacheka. Akasema mtu wa pikipiki hangekuja na maneno.

Hapo ilibidi tumweleze, na ninyi tunawaeleza vilevile. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Yalifanya rangi ikauke upesi, ing'ae, ivumilie mvua, na manjano na nyekundu nyingi zilipata ukali wake kwenye madini hayohayo. Rangi ikikaa ukutani imetulia, haina shida kubwa. Shida inaanza unapoigeuza vumbi au moshi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu damu, figo, mishipa ya fahamu. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili wake ukimeza risasi unaifyonza mara nne mpaka tano kuliko wa mtu mzima, na inagusa ubongo ambao bado unakua. Mtoto anayetambaa anashika vumbi chini, anatia mkono mdomoni. Ni hivyo tu, haihitaji ajali yoyote.

Mmoja wetu, yule wa Uvira, alisema neno ambalo lilitukalisha kimya kidogo kisha tukacheka: "Tumekimbia risasi kule, tumeikuta kwenye rangi." Kiswahili kimeipa majina sawa, na zote zinaingia mwilini bila kuomba ruhusa.

Na msidhani haya ni mambo mapya ya wazungu wa juzi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921. Ni mkataba wake namba 13. Ulikataza vijana wa kiume chini ya miaka 18, na wanawake wote, wasitumike kwenye kazi za viwandani za kupaka rangi hiyo, na ukaagiza hatua zichukuliwe kuzuia hatari ya vumbi la kukwangua na kusugua rangi ikiwa kavu. Dada zetu wawili waliposikia hiyo ya wanawake walikasirika. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo vumbi la wanaume ni salama?" Ana haki. Lakini tazameni, zaidi ya miaka 100 iliyopita watu walikuwa wameshaandika kwamba kukwangua rangi kavu ni hatari, na kapita wa hangari bado anasema jifungeni shati.

Siku hizi viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi imo tangu 2007 na Kongo tangu 2022, vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Ni jambo jema. Lakini mlango wa mama una rangi ya kabla ya hapo, na sisi hatuna kifaa cha kupimia. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: rangi yoyote ya zamani tunaichukulia kwamba ina risasi, mpaka mtu atuonyeshe kwamba haina.

Mama hakukubali siku ile. Alisema atafikiria. Tukaondoka tukijua garaji imeenda. Njiani tulibishana sana. Wawili kati yetu walisema tukubali tu mashine, tufanye usiku watoto wakilala, kodi ya miezi miwili si kitu cha kuchezea. Haikuwa hoja ya kijinga. Mwenye njaa hana muda wa mikataba ya 1921. Yule mdogo wetu wa miaka 19 alikuwa kimya muda wote. Mwisho akasema, "Mimi mashine siishiki. Nitabeba maji." Basi mabishano yakaishia hapo.

Saa moja usiku simu ikalia. Mama alikuwa amemuuliza jirani yake, fundi mzee aliyestaafu, ambaye mikono yake inatetemeka. Yule mzee alimwambia watoto hawa wanasema kweli, na akaongeza kwamba mashine ingeharibu mlango wenyewe. Mama akasema: njooni asubuhi. Siku yenu ya mwisho ni ileile Jumamosi jioni. Vifaa vyote juu yenu.

Sasa kazi yenyewe, kwa wale mnaotaka kujaribu.

Cha kwanza tulichukua sumaku ya spika iliyokufa, tukaigusisha kwenye mlango. Ikashika, kwa hiyo ni chuma. Ingekataa, ungekuwa alumini, ambayo ni laini na inachubuka haraka. Halafu yule mzee, kwenye kiti chake, akatuambia tukwangue mahali padogo chini pembeni tutazame rangi ya bati. Likatokea la kijivu lenye kung'aa: bati lililovikwa zinki, kama mabati ya nyumba. Ile zinki ndiyo inayozuia kutu. Ukisaga kwa mashine unaiondoa, na mlango unaanza kuoza mwaka huohuo. Ukiichoma kwa moto mkali, zinki inatoa moshi unaoleta homa na baridi kama malaria. Na soda kaustiki, ambayo watu wengine wanaitumia kulainisha rangi, inakula zinki na inakula alumini. Kwa hiyo mashine hapana, moto hapana, soda hapana.

Mzee alitueleza pia kwa nini rangi ilikuwa inaning'inia. Mtu wa kwanza alipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya bati jipya. Mafuta ya rangi yakikutana na zinki, taratibu yanafanya kitu kama sabuni katikati, na rangi inaachia bati. Unaweza kupaka kumi juu yake, zote zitadondoka pamoja na ile ya chini. Kwa hiyo anayesema "paka tu juu yake, itafunika" anakuuzia miezi sita.

Jumanne tulihamisha watoto na nguo upande wa pili wa ua. Tukatandika shitingi kuukuu chini ya mlango, ndani na nje. Ndiyo, ile shitingi ya kambi, iliyokuwa paa la nyumba ya mmoja wetu. Mlango tuliushusha wote, tukaingia ndani kwa mlango mdogo wa nyuma. Tukauosha kwa maji na sabuni ya unga, maana msasa ukipita juu ya mafuta na uchafu unavisukumia ndani tu. Barakoa zilikuwa nne, zile nene za vumbi, FFP2, si zile nyepesi za hospitali. Watu saba, barakoa nne: wanne wanakwangua, watatu wanabeba maji, wanafuta, wanapumzika. Tunabadilishana zamu, na kila mtu na barakoa ya siku yake.

Unalowesha kipande kwa kitambaa na maji ya sabuni. Unangoja kidogo. Unasukuma spatula ikiwa imelala, usiisimamishe, la sivyo inachimba bati. Ile rangi ya kuning'inia inatoka kwa vipande vikubwa. Ile iliyoshika unaisugua kwa msasa wa maji, unalowesha tena, unasugua tena. Vumbi halipandi, linakuwa tope, na tope unalifuta kwa kitambaa kwenda kwenye ndoo. Ni polepole. Siku ya kwanza jioni tulikuwa na vipande tisa kati ya 34, upande wa nje tu. Hesabu ilikuwa haikubali. Mtu wa pikipiki alipita na pikipiki yake, akasimama, akatazama, akaondoka bila salamu.

Jumatano tukagawana, wengine ndani, wengine nje, kwenye kipande kilekile kila mtu upande wake. Kazi ikakimbia. Ila saa tisa wingu likatokea upande wa milima, na mvua ya Bujumbura mnaijua haina hodi. Tope letu lote la rangi lilikuwa kwenye shitingi ya nje, na mtaro uko hatua mbili. Mtaro ule unaenda Ntahangwa, Ntahangwa inaenda Tanganyika, na maji ya bomba la mji huu yanatoka ziwani humo. Tulikunja ile shitingi kama watu wanaohama, pembe nne, tukaiingiza ndani, ndipo mvua ikaanguka. Saa mbili za kazi zikapotea. Lakini tope halikwenda mtaroni.

Siku hiyohiyo, chini ya kijani na chini ya nyeupe, dada yetu wa Fizi alifungua herufi. A, L, I. Tukaendelea polepole. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, ALIMENTATION, kwa nyekundu kwenye manjano. Tukamwita mama. Alisimama muda mrefu. Akasema marehemu mume wake ndiye aliandika, duka lake la kwanza, vyakula na mafuta ya kupikia. Hatukujua la kusema. Tukamuuliza kama tuache pale. Rangi ile ilikuwa ndiyo ya chini kabisa, ile iliyoshikana vibaya na bati, ukiiacha mlango mzima utadondoka kuanzia hapo. Mama akatoa simu, akapiga picha tatu. Akagusa ile herufi ya kwanza na kidole. Dada yetu akamshika mkono, akampeleka bombani akanawe. Kisha mama akasema, "Endeleeni, wanangu."

Alhamisi mchana tulimaliza vipande vyote, tukabaki na maungio. Hapo tulitumia mswaki wa zamani na kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kwa sababu kisu kinakata zinki. Zile reli za pembeni nazo zilijaa rangi iliyokauka, tukazisafisha. Kile kibomba cha juu hatukugusa hata msumari wake mmoja, na ninyi msiguse: ndani yake kuna springi iliyokazwa kwa nguvu, ikiachia inavunja mkono. Sehemu ndogo zilizokuwa na kutu tukazisugua peke yake mpaka chuma, tukaosha, tukakausha kwa vitambaa. Kabla ya giza tukapaka rangi ya kwanza, ile maalumu ya mabati, nyembamba. Ijumaa tukapaka buluu, mara mbili, nyembamba tena, maana ikiwa nene inabana maungio. Jumamosi mchana kutwa hatukugusa. Rangi mbichi ukiiviringisha inagandana, na kazi yote imekufa. Tulikaa barabarani tunauangalia mlango kama watu wanaongoja basi.

Saa kumi na moja jioni mama alitoka na funguo. Akauvuta yeye mwenyewe. Ulipanda.

Garaji tukaipata. Lakini tuwaambie ukweli wote wa hesabu, maana mmeuliza bei. Faranga hatuziandiki hapa, kwa sababu msasa wa Jumatatu sokoni Ruvumera si bei ya msasa wa Ijumaa. Tunaandika siku. Watu saba, siku tatu kasoro robo za kutoa na kuandaa, siku moja ya kupaka, siku moja ya kungoja. Na eneo: mwenye mlango anapima upana mara urefu, anapata mita za mraba 7 na nusu hivi. Lakini vipande vimebonyea. Sisi tulipitisha kamba kufuata mbonyeo: kamba ya mita moja inaishia kwenye sentimita 85 za urefu wa mlango. Kwa hiyo upande mmoja ni mita za mraba 9, pande zote mbili 18. Anayekubali bei ya 7 na nusu anafanya zaidi ya nusu ya kazi bure. Sisi hesabu hii tulimpelekea mama tukiwa na kamba mkononi, siku ya Jumapili. Alitusikiliza. Hakuongeza mwezi, ila alilipa barakoa, msasa na rangi ya kwanza. Tulikubali, na tunaona ametutendea haki.

Kwa vijana wenzetu wa Bwagiriza, na wengine: brashi si mwanzo. Anzeni na maji, spatula, shitingi na barakoa. Mtu akiwapa kazi, mwambieni tangu mwanzo siku ngapi ni za kukwangua, ziandikeni kwenye karatasi, na mzipangie bei yake. Walio chini ya miaka 18 wasikwangue, wala dada mwenye mimba. Msile mahali pa kazi, nawani kwanza. Nguo za kazi msizikung'ute ndani ya nyumba, na msizifue pamoja na za mtoto. Na mkiambiwa msage kavu kwenye ua wa watoto, mna haki ya kukataa. Tunajua kukataa kuna gharama. Sisi tulikataa tukiwa saba, peke yako ni ngumu zaidi, ndiyo maana tunasema nendeni kwa kikundi.

Kwa ninyi wa mashirika: tunashukuru kwa mafunzo ya kupaka rangi, vyeti tunavitunza. Lakini kwenye mafunzo yale ukuta ulikuwa mpya. Huku mjini hakuna anayetupa ukuta mpya, tunapewa kilichochakaa. Mkipanga mafunzo mengine, wekeni siku mbili za kutoa rangi ya zamani. Kwenye kile kifurushi cha vifaa, pamoja na brashi, tieni barakoa za vumbi na glavu. Na mkitupa kazi za malipo ya siku, kupaka shule au kituo, hesabuni siku za maandalizi, kisha ulizeni nani atakwangua na ana umri gani.

Jambo la mwisho. Tope lote la ule mlango tulilikausha ndani ya mifuko miwili, tukalifunga kwenye bidoni la lita 20. Liko kona ya garaji, juu, mbali na watoto, tumeliandika SUMU kwa ile buluu iliyobaki. Mtaroni hatulimwagi, kulichoma hatulichomi. Tumeuliza watu wanne, kila mmoja anatuelekeza kwa mwingine. Kama kuna anayejua mahali pa kulipeleka hapa Bujumbura, atuandikie hapa chini. Jumatatu ijayo tunaanza geti la jirani, na litajaza la pili.